Sura ya Tano: Shauri Lako Linaanzia Wapi?

Mtu anaweza kushinda kesi ya shamba katika Mahakama ya Mwanzo Songea Mjini, akashinda tena rufaa katika Mahakama ya Wilaya, akauza magunia ya mahindi apate fedha ya wakili, kisha Mahakama Kuu ikafuta kila kitu kwa sababu moja tu: shauri halikupaswa kufunguliwa pale lilipofunguliwa. Hakuna aliyethibitisha kwamba alidanganya. Hakuna aliyesema shamba si lake. Mahakama iliyomsikiliza haikuwa na mamlaka juu ya shauri la namna ile, na hukumu iliyotolewa bila mamlaka haina nguvu, hata ikiwa imeandikwa vizuri na kugongwa muhuri. Anarudi nyumbani Lizaboni au Matimira akiwa na faili nene, na haki yake bado iko mbali vilevile.

Ukisoma hukumu za Mahakama Kuu, Songea, zilizowekwa hadharani mtandaoni, utakutana na watu wa namna hii. Wengi wao hawakuwa na wakili siku ya kwanza walipokwenda kufungua shauri. Walimwuliza jirani au mwenyekiti wa mtaa, au walimfuata tu mtu waliyemwona akienda mahakamani. Sura hii nimeiandika kwa ajili yao. Naamini kabisa kwamba kwa mwananchi wa kawaida swali la wapi pa kuanzia lina uzito kuliko ufasaha wowote atakaouonyesha mbele ya hakimu.

Songea ina ngazi zote za mahakama isipokuwa ile ya juu kabisa, Mahakama ya Rufani. Chini iko Mahakama ya Mwanzo. Juu yake iko Mahakama ya Wilaya, na sambamba nayo Mahakama ya Hakimu Mkazi wa Mkoa wa Ruvuma. Juu ya hizo iko Mahakama Kuu, ambayo ina masjala yake hapo hapo mjini. Pembeni mwa ngazi hiyo liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo lina njia yake mwenyewe. Mwananchi anayetafuta haki anayaona majengo haya yote kama kitu kimoja kiitwacho “mahakamani”. Sheria haiyaoni hivyo.

Mahakama ya Mwanzo tuliyonayo leo ilizaliwa na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, iliyokuja kubadilishwa na sheria ya sasa, Namba 2 ya mwaka 1984. Kabla ya hapo Mwafrika alikuwa na mahakama yake, na Mzungu na Mwasia walikuwa na yao. Chini ya Waingereza, kuanzia Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929, machifu walikaa kuhukumu watu wao: mtu yule yule aliyekusanya kodi ndiye aliyeamua kesi. Wangoni walikuwa wamekwisha kuonja namna nyingine ya hukumu, ya Wajerumani, mapema mwaka 1906, pale Songea Mbano na viongozi wenzake wa Vita vya Majimaji walipohukumiwa na kunyongwa na watu ambao hawakushiriki nao lugha wala desturi. Mji umebeba jina lake. Ninaitaja historia hii kwa sababu inaeleza kwa nini sheria ya mwaka 1963 ilijenga mahakama ya chini yenye sura ya pekee: lugha yake ni Kiswahili, hakimu hachanganyi kazi yake na utawala, na taratibu zake zimerahisishwa ili mkulima aweze kujisemea mwenyewe.

Kwa miongo mingi hakimu wa Mahakama ya Mwanzo alikaa na washauri wasiopungua wawili, ambao watu wanawaita wazee wa baraza, na kura zao zilihesabiwa pamoja na yake. Wakili hakuruhusiwa kumsimamia mtu pale. Mwaka 2021 sheria ililegezwa, wakili akaruhusiwa mahakama hiyo inaposimamiwa na hakimu mkazi. Mwaka huo huo Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama zote nchini. Ni mabadiliko makubwa, nayo yalikuwa yakingojewa muda mrefu. Lakini hata leo watu wengi wanaosimama mbele ya hakimu wa mwanzo wanasimama peke yao, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuzijua kanuni zake.

Tuanze na jinai, kwa kuwa ndiyo inayowafikisha wengi mahakamani kwa mara ya kwanza.

Mahakama ya Mwanzo inasikiliza makosa yaliyoorodheshwa katika jedwali la kwanza la sheria yake, mengi yakiwa ya Kanuni ya Adhabu: wizi wa kawaida, shambulio, kumdhuru mtu mwilini, matusi yanayoweza kuvunja amani, kuharibu mali, kuingia kwa jinai katika eneo la mtu, kujipatia mali kwa udanganyifu. Kwa lugha ya mtaani ni simu iliyoibwa stendi, ngumi zilizorushwa kilabuni, ng’ombe walioingizwa kwenye mahindi kwa makusudi, fundi aliyechukua fedha ya milango na kutokomea. Kifungo ambacho mahakama hii inaweza kutoa kwa kawaida hakizidi miezi 12. Ubakaji, unyang’anyi wa kutumia silaha na makosa mengine mazito hufunguliwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, au na hakimu mkazi aliyeongezewa mamlaka. Mtoto anayetuhumiwa kwa kosa ana Mahakama ya Watoto, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba katika Mahakama ya Mwanzo mlalamikaji ndiye anayeibeba kesi yake. Polisi wanaweza kuwa wamepokea taarifa, wamekupa namba ya RB (kitabu cha taarifa cha polisi), wamemkamata mtuhumiwa na kuandaa hati ya mashtaka, lakini mahakamani ni wewe unayesimama kueleza, kuleta mashahidi na kumhoji mshtakiwa. Ukikosa kufika siku ya kesi bila sababu, kesi inaweza kufutwa na mshtakiwa akaachiwa. Nimesikia watu wakilalamika kwamba “mahakama imemwachia mwizi”, na unapouliza zaidi unakuta mlalamikaji alikwenda shamba msimu wa palizi akidhani polisi wataendelea bila yeye.

Dhamana nayo inaeleweka vibaya. Dhamana ni haki ya mshtakiwa katika makosa ya aina hii, wala si ishara kwamba kesi imeisha au kwamba mtu ametoa kitu. Mdhamini anakuja na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji na kitambulisho, anatia saini, na anabeba jukumu la kuhakikisha mshtakiwa anarudi. Huduma hii hailipiwi. Ukiombwa fedha kwa ajili ya dhamana bila stakabadhi ya serikali, hiyo ni rushwa, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ina ofisi Songea.

Kuna kazi nyingine ya hakimu wa mwanzo ambayo haizungumzwi, nami naiona ndiyo nzito kuliko zote. Hakimu huyu ni mlinzi wa amani kisheria. Mtu akikamatwa kwa mauaji na akasema yuko tayari kuungama, polisi wanampeleka kwa mlinzi wa amani ili maungamo yake yaandikwe na mtu asiye askari. Hakimu anapaswa kuwaondoa askari chumbani, kumwuliza mtuhumiwa alikamatwa lini, alilala wapi, kama alipigwa, kutishwa au kuahidiwa chochote, na kumwangalia mwili kama una majeraha. Anamweleza kwamba halazimiki kusema lolote na kwamba atakalosema linaweza kutumika kama ushahidi dhidi yake. Ndipo anaandika. Miaka miwili au mitatu baadaye, karatasi hiyo inasomwa mbele ya jaji wa Mahakama Kuu, na uhai wa mtu unaweza kutegemea kama hakimu wa mwanzo aliuliza lile swali la majeraha au alilipita. Mtuhumiwa aliyepigwa ana nafasi ya kusema hapo, kwa mtu huyo, siku hiyo. Familia yenye ndugu mahabusu ijue hivyo, na imwambie.

Sasa madai. Mahakama ya Mwanzo inaweza kusikiliza deni la kawaida lisilozidi shilingi milioni 30, na madai yanayohusu mali isiyohamishika, pale yanaporuhusiwa kwake, yasiyozidi milioni 50. Viwango hivyo viliwekwa kwa marekebisho ya mwaka 2016. Zaidi ya hapo, nenda Wilayani. Kwa uchumi wa Ruvuma, milioni 30 inatosha kwa migogoro mingi. Huu ni mkoa wa mahindi, kahawa ya Mbinga, korosho za Tunduru, tumbaku ya Namtumbo na ufuta, na migogoro ya fedha inafuata msimu: mtu amekopeshwa mbolea akaahidi kulipa kwa magunia, mwingine ameuza mazao yakiwa bado shambani kwa bei ya njaa, mfanyabiashara amechukua mzigo kwa ahadi ya kulipa baada ya kuuza na bei ikaanguka. Mikataba hii mara nyingi imeandikwa kwenye karatasi ya daftari, na mwenyekiti wa kitongoji ametia saini kama shahidi. Karatasi hiyo inatosha kuwa ushahidi. Mahakama ya Mwanzo ina kanuni zake za ushahidi za mwaka 1964, na katika madai haidai uthibitisho usioacha shaka kama kwenye jinai: inapima ushahidi wa upande upi una uzito zaidi. Kwa hiyo karatasi ya daftari, ujumbe wa simu wa mdaiwa akiomba asubiriwe na jirani aliyeona magunia yakipakiwa vinaweza kukupa ushindi.

Lakini angalia umeomba nini. Ukimdai mtu fedha uliyomkopesha, hilo ni dai la madai. Akiwa ameweka shamba lake rehani nawe ukaomba mahakama ikukabidhi shamba, umekwisha kuingia kwenye ardhi, na Mahakama ya Mwanzo haina nafasi hapo. Mashauri mengi yameharibika kwenye mstari huu mmoja wa hati ya madai.

Ukishinda, bado hujalipwa. Hukumu inakazwa kwa maombi ya pili: mahakama inaweza kuamuru mali ya mdaiwa ikamatwe na kuuzwa na dalali wa mahakama, au deni lilipwe kwa awamu. Kwa maoni yangu mpango wa awamu unaoendana na mavuno una faida kuliko kukamata kitanda na pikipiki ya mtu, na hakimu anayeijua Songea anaweza kuukubali ukiombwa.

Ardhi tuimalize hapa hapa, kwa kuwa ndiyo inayowapoteza wengi. Tangu Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 ilipoanza kutumika Oktoba 2003, mgogoro wa shamba au kiwanja hauanzii Mahakama ya Mwanzo. Unaanzia Baraza la Ardhi la Kijiji au Baraza la Kata. Hadi mwaka 2021 Baraza la Kata liliweza kuamua migogoro ya thamani isiyozidi milioni 3. Sasa linasuluhisha tu. Wahusika wasipopatana ndani ya siku 30, Baraza linatoa cheti cha kushindwa usuluhishi, na kwa cheti hicho unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukienda kwenye Baraza hilo la Wilaya bila cheti, unarudishwa. Rufaa kutoka hapo inakwenda Mahakama Kuu moja kwa moja.

Ndoa ina mlango wake wa kati unaofanana na huo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inairuhusu Mahakama ya Mwanzo kusikiliza shauri la talaka, sawa na Wilaya, Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu. Lakini haliwezi kufunguliwa kabla wanandoa hawajapita kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na Baraza likathibitisha kwa maandishi kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Baraza hilo linaweza kuwa la kata, la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu) au la kanisa lililosajiliwa kwa kazi hiyo. Watu wanalipita kwa hasira, wakitaka kumaliza haraka, na miaka miwili baadaye talaka yao inafutwa na wanajikuta bado ni mume na mke. Ndoa isiyotimiza miaka miwili haiombewi talaka ila kwa kibali cha mahakama. Na walioishi pamoja kama mume na mke kwa miaka miwili au zaidi, wakatambuliwa hivyo na majirani, sheria inawadhania kuwa walioana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo mwanamke anayeambiwa “wewe hukuolewa, ondoka” asiondoke kabla hajauliza.

Mgawanyo wa mali waliyochuma pamoja unafuata mchango wa kila mmoja, na mchango haupimwi kwa risiti peke yake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichokuwa akikiomba, kwa sababu ya mazingira ya kesi yake, lakini msingi aliouweka umewasaidia wanawake wote waliokuja baada yake. Mke aliyelima ekari tatu za mahindi kila msimu, akapika, akalea, wakati fedha za mauzo zikinunua bati kwa jina la mume, ana sehemu kwenye bati hizo. Aitaje kazi hiyo mbele ya hakimu, mwaka kwa mwaka. Sheria ya Ndoa inaruhusu pia kudai fidia kwa mchumba aliyevunja ahadi ya ndoa na kwa mtu aliyezini na mwenzi wa ndoa, na madai hayo nayo yanafika Mahakama ya Mwanzo.

Nimeacha mirathi mpaka sasa kwa makusudi, maana hapa ndipo Songea inapokuwa na ugumu wake.

Jambo la kwanza, na ningependa kila familia ilisome kwa sauti: msimamizi wa mirathi si mrithi kwa sababu ya usimamizi wake. Ni mtu aliyepewa kazi. Anakusanya mali za marehemu, analipa madeni, anagawa kilichobaki kwa wanaostahili, anafunga hesabu. Kikao cha ukoo kinampendekeza, na muhtasari wake huambatanishwa na cheti cha kifo kilichotolewa na RITA, wakala wa usajili, lakini anayemteua ni mahakama. Baada ya uteuzi, Kanuni za Usimamizi wa Mirathi za Mahakama za Mwanzo za mwaka 1971 zinampa miezi minne kuwasilisha orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu, na baadaye hesabu ya jinsi alivyogawa. Wasimamizi wengi hawafanyi hivyo. Wanachukua barua ya uteuzi, wanaiweka kabatini, wanakusanya kodi ya vyumba vya marehemu huko Bombambili mwaka baada ya mwaka, na wajane na watoto wanadhani sheria imempa msimamizi nyumba. Haikumpa. Mrithi yeyote anaweza kurudi katika mahakama iliyomteua msimamizi, akaomba msimamizi huyo aamriwe kuleta hesabu, na asipoleta uteuzi wake ufutwe.

Jambo la pili linahusu sheria ipi itumike. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya mirathi pale marehemu alipokuwa na makazi ndani ya eneo lake na sheria inayoongoza mirathi yake ni ya kimila au ya Kiislamu. Kwa Myao Mwislamu wa Tunduru swali linapungua ugumu, ingawa desturi ya Wayao ya kuhesabu ukoo upande wa mama bado inaweza kugongana na Uislamu kwenye mgawo. Kwa Mngoni au Mmatengo Mkatoliki, katika mkoa ambao Wabenediktini wamekaa Peramiho tangu mwaka 1898, swali ni gumu sana. Alibatizwa, akafunga ndoa kanisani, akazikwa na padri. Na bado alitoa mahari, alikaa kwenye vikao vya ukoo, alimlea mtoto wa kaka yake kama wake. Ni wa sheria ipi?

Mahakama zinatumia vipimo viwili: namna marehemu alivyoishi, na nia aliyoionyesha. Moja ya mashauri yanayotajwa sana na wanasheria nchini kuhusu kipimo hiki linahusu Mngoni. Katika shauri la Mbilinyi la mwaka 1969, Jaji Mkuu Georges aliamua kwamba mirathi ya marehemu isifuate mila ya Kingoni, kwa sababu alikuwa ameoa Mchaga kwa ndoa ya Kikristo, ameishi mbali na kwao, na kwa maisha yake ameonyesha kwamba ameziacha mila. Ubatizo peke yake haukutosha. Maisha yake yote yalitazamwa. Kwa hiyo mwalimu aliyestaafu, mwenye nyumba mjini, aliyeacha wosia wa maandishi na watoto waliosoma, familia yake inaweza kushindwa kabisa ikifungua mirathi Mahakama ya Mwanzo kwa sababu tu ni karibu. Na mkulima wa Mpitimbi aliyeishi na kufa ndani ya ukoo wake, hata akiwa msomaji wa masomo kanisani kila Jumapili, anaweza kuwa wa mila. Mwulize karani kabla hujalipia, na kama mali ni kubwa au familia ina mgogoro, mwone msaidizi wa kisheria au wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria ili huduma ya namna hiyo ipatikane bila malipo.

Kwa nini sheria ipi ni jambo kubwa hivyo? Kwa sababu ya mjane na binti. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililoandikwa kwa ajili ya makabila yanayohesabu ukoo upande wa baba, linamweka binti nyuma ya ndugu zake wa kiume na halimpi mjane fungu la urithi. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliitaka Tanzania ibadilishe kanuni hizi, baada ya wajane wawili Watanzania kupeleka malalamiko yao huko. Tayari mwaka 1990, katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory lililoanzia kwenye Mahakama ya Mwanzo wilayani Muleba, Jaji Mwalusanya alikuwa ameamua kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba alilorithi kwa baba yake kama mwanamume awezavyo, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi. Maneno ya Tangazo hayajafutwa. Naliona hilo kuwa aibu ya taifa, na nalisema waziwazi: sheria inayomwacha mjane mikono mitupu baada ya miaka thelathini ya jembe haistahili kubaki vitabuni.

Mirathi na ardhi vikikutana, mkanganyiko unazidi. Shamba la marehemu likivamiwa na mtu wa nje ya familia, mgogoro ni wa ardhi na unakwenda kwa njia ya ardhi, lakini anayeruhusiwa kushtaki ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa. Mtoto wa marehemu akijipeleka mwenyewe bila barua ya usimamizi, shauri lake linaondolewa, hata kama kila mtu kijijini anajua shamba lilikuwa la baba yake. Wakigombana warithi wenyewe kwa wenyewe juu ya nani apate sehemu ipi, Baraza la Ardhi haliwezi kumtangaza mrithi. Wanarudi kwenye mahakama ya mirathi. Katika mambo yote ya sura hii, hili ndilo ninaloona linakula miaka ya watu wengi kuliko jingine.

Yako na mambo madogo yanayofanyika mahakamani bila kesi. Mtu anahitaji kiapo kwamba jina la kwenye cheti cha shule na la kwenye kitambulisho cha NIDA ni la mtu mmoja, au kiapo cha kuzaliwa, au cha kupotelewa na nyaraka. Anaweza kuapa mbele ya hakimu na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kila malipo ya mahakama yanafanywa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa simu au benki. Fedha haipokelewi mkononi.

Wakati mwingine Mahakama ya Tanzania imejaribu kuwafuata watu walipo. Mwaka 2019 ilianzisha mahakama zinazotembea ndani ya magari makubwa, kwanza Dar es Salaam na Mwanza, na mwaka 2021 kikafunguliwa Temeke kituo kinachoweka ngazi za mahakama pamoja kwa ajili ya mashauri ya mirathi na ndoa peke yake. Ni mawazo mazuri. Lakini kwa Songea ningeomba kitu kidogo na cha bei ndogo kuliko gari: mtu mmoja mezani, mlangoni, ambaye kazi yake pekee ni kumsikiliza anayeingia na kumwambia bila kumficha kama amefika mahali panapostahili. Karani anayefungua majalada ana foleni; hawezi kukaa dakika ishirini na mama aliyeshika muhtasari wa kikao cha ukoo.

Iliyobaki ni rufaa, na hapa kuna tarehe za kukumbuka. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Wilaya una siku 30 tangu uamuzi utolewe, iwe jinai au madai. Mashauri ya ndoa yana siku 45 kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa. Kutoka Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 30 tena, na ombi hilo la rufaa linawasilishwa katika Mahakama ya Wilaya iliyotoa uamuzi, ingawa atakayelisikiliza ni jaji. Kwenda Mahakama ya Rufani kwa shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo kunahitaji cheti cha Mahakama Kuu kwamba lipo swali la kisheria. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, na lazima aeleze kila siku iliyopotea ilipotea kwa nini; “nilikuwa nakusanya nauli” haijawahi kuwa jibu la uhakika. Kwa hiyo siku hukumu inaposomwa, kabla hujapanda gari kurudi nyumbani, pita kwa karani uombe nakala kwa maandishi, upewe ushahidi kwamba umeomba, na uandike tarehe hiyo mahali ambapo watu wawili katika familia wanaweza kuisoma.